Vijiti vya Mama wa Migori

Mliponijia huku Ndhiwa kuchukua oveni, ninyi vijana mnaooka nyumbani kule Migori, mmoja wenu aliniuliza yule Mama aliyekuwa akiniokea zamani alikwenda wapi. Alisema mama yake mzazi, aliyefanya kazi ofisi za wilaya, bado anamtaja. Wenzake wakamkanyaga mguu anyamaze. Nilijibu kwamba nitawaandikia, nanyi mkadhani mzee anawafukuza kwa adabu. Sivyo. Naandika, na herufi zikipinda msishangae. Vidole vyangu siku hizi vinauma visipopata joto, na kazi yetu inataka vidole baridi. Ndiyo maana nimeiacha.

Habari za bei na faida waulizeni wengine. Mimi nitawaeleza vijiti vya chizi, kwa sababu ndivyo vilivyonilisha, na ndivyo vilivyoniharibia nyumba.

Nilianzia Homa Bay, nyumbani kwa masista, nikiwa nimeajiriwa kufyeka majani. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, nikaambiwa basi nisafishe stoo. Juu ya rafu nikakuta kitu cha duara, cha manjano, kimefungwa kwenye kitambaa na kinanuka. Nilipofungua nikatambua ni maziwa. Kwetu maziwa yaliyoganda tunayajua vizuri, yana siku zake, na yakizipita humwagwa. Nikaona hawa wazungu wamesahau. Nikakichukua, nikakitupa kwenye shimo la choo, nikaosha mikono mara mbili, nikangoja kusifiwa.

Aliyesimamia jiko alikuwa Sista Koleta, Mholanzi mrefu aliyetembea kama mtu anayechelewa. Aliangalia rafu, akaniangalia mimi. Hakupiga kelele.

"Ile ilikuwa miezi mitatu," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Sasa wewe tatengeneza ingine, na wewe tangoja yeye miezi mitatu. Mbele ya hapo siwezi kukufukuza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia jikoni, kwa adhabu. Nilijifunza kugandisha maziwa, kuyakamua kwenye kitambaa, kuyapaka chumvi na kuyageuza kila siku mpaka yawe chizi. Miezi mitatu ilipokwisha alinipa kipande nionje. Nilikitema. Akacheka hadi akakaa chini, kisha akasema sasa nijifunze kukipika, labda kikipata moto tutapatana.

Tukapatana. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha mafuta ya kuganda, nusu kikombe cha chizi iliyokwaruzwa, chumvi kidogo tu maana chizi ina yake, na pilipili kichaa iliyokaushwa na kusagwa, ya kuchukuliwa kwa ncha ya kisu. Mafuta unayavunjavunja ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chengachenga. Maji ni vijiko viwili au vitatu, baridi. Usikande. Ninyi mmezoea chapati, mnakanda kana kwamba unga umewakosea. Vijiti vikikandwa vinakuwa vigumu, na mgeni atavitafuna huku akikuangalia kwa huruma.

Kabla ya kugusa unga, Sista alitia mikono yake kwenye beseni la maji ya mtungi na kuhesabu polepole hadi mia moja. Alinifanya nami nihesabu. Alikuwa na msemo mmoja aliourudia kila mafuta yalipoanza kung'aa juu ya kibao: "Mtu atakungoja. Donge hapana kungoja." Niliushika msemo huo kuliko amri nyingine yoyote aliyonifundisha, na alikuwa mtawa, amri alikuwa nazo nyingi.

Niwaeleze jambo moja ambalo ninyi wa leo hamlijui. Kule kwa masista nilivaa aproni, nikapika, na hakuna aliyenicheka. Nikirudi nyumbani Ndhiwa kwa mke wangu Rispa na mama yangu mzazi, watu waliniita mpishi kwa heshima. Kumpikia mzungu kwa mshahara ilikuwa kazi. Lakini mwanamume apike nyumbani kwake, kwenye sufuria yake, hali mkewe yu hai na mzima, hiyo haikuwa na jina zuri. Kiswahili kinatumia neno moja, mwiko, kwa kijiti cha kusongea ugali na kwa jambo lisilofanywa. Mama yangu hakujua Kiswahili, ila kwake pia vilikuwa kitu kimoja. Alisema mwanamume akishika mwiko anatangaza kwamba mke hayupo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Sista Koleta aliitwa kurudi kwao. Aliniachia kikwaruzio cha chizi, kile mlichokiona, chenye meno upande mmoja tu. Wakati huohuo Migori ilikuwa imefanywa wilaya na kupata ofisi zake, na penye ofisi pana mikutano, na penye mkutano saa nne lazima pawe na chai na baitingi, yaani vitafunio. Nilikodi nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Rispa alibaki Ndhiwa na watoto, kwa sababu ya shamba na kwa sababu mama yangu hangekubali kuhama wala kuachwa. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, na nyumba nyingi ziliishi hivyo.

Fundi wa bati alinitengenezea oveni kwa madebe mawili, moja ndani ya jingine, na mchanga katikati. Makaa chini, makaa machache juu ya kifuniko. Sikuwa na kipimo cha joto. Nilitupa chembe ya unga ndani na kuhesabu: ikigeuka kahawia kabla ya ishirini, toa makaa, ikipita arobaini, ongeza. Friji sikuwa nayo. Migori mnaijua, saa tatu asubuhi mafuta yameshalegea. Nilizika mtungi wa maji hadi shingoni kwenye mchanga mbichi pembeni mwa chumba, nikawa nafunga donge kwenye karatasi ya nailoni na kulilaza juu ya kifuniko chake. Chizi ilitoka Kisumu na gari la asubuhi, imeviringishwa gazeti. Siku ambazo haikuja niliketi na unga wangu, tukatazamana.

Siku ya kwanza kupeleka ofisini nilibeba trei mbili, zimefunikwa kitambaa cheupe. Wanaume sita walikuwa mezani, na mama mmoja aliyekuwa akimimina chai. Wakachukua kila mmoja kijiti. Kabla hawajauma, mmoja akauliza, "Hii nani amepika?"

Nikafungua mdomo kusema ni mimi. Nikaona mikono yao imesimama hewani. Walinitazama shati, wakanitazama kucha, zilikuwa bado na unga.

"Mama," nikasema. "Mama wa nyumbani."

Mikono ikaendelea na safari yake. Wakala, wakasifu, trei zikarudi tupu. Yule mama wa chai akaniambia, "Huyo mama yako anajua kazi. Mwambie tumesema asante sana."

Nikasema nitamwambia. Jioni nikiwa peke yangu nikiosha trei, nilijikuta nasema kwa sauti kwamba wameshukuru. Msinicheke. Mtu akikaa mwenyewe siku nyingi hutafuta wa kumpa salamu.

Basi Mama akazaliwa, akakua haraka. Alipata wateja wake, ladha zake, hata hasira zake. Mtu akileta oda ya ghafla nilisema ngoja nimuulize Mama, nikaenda nyumbani kuangalia unga uliobaki, nikarudi kusema amekubali ila hakufurahi. Karani mmoja Msabato, mtu makini sana, alitaka kujua kama Mama hutumia mafuta ya nguruwe. Nikamjibu Mama hawezi, na safari hiyo nilisema kweli. Kwa mikutano ya kanisa lao Mama aliacha pilipili, akamaliza kila kitu Ijumaa kabla jua halijatua, nao wakasema Mama huyu, hata kama si wetu, anajua Sabato.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa Isebania. Kulikuwa na mkutano wa maofisa wa pande mbili za mpaka, wetu na wa Sirare. Nikapanga vijiti vyangu kwenye sahani, nikatangaza kwa kujiamini kwamba hivi ni vijiti vya chizi, vimetiwa pilipili kichaa. Ofisa mmoja Mtanzania akarudisha chake polepole. Akaniuliza kwa upole, "Samahani ndugu, chizi gani huyo?" Kumbe upande wa pili chizi ni mtu aliyerukwa na akili. Nilikuwa nimewakaribisha wageni kula fimbo za mwendawazimu zenye kichaa juu yake. Nikaambiwa neno ni jibini. Nililirudia njia nzima kurudi, na mkivuka mpaka nawasihi mlitumie. Upande wetu msijaribu. Mtaulizwa jibini ni dawa ya nini.

Kila mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani na mkebe wa vijiti. Rispa alivila. Hakuvipenda sana, alisema vina harufu ya mguu, lakini alivila akicheka, na watoto waligombania vilivyobaki. Sikumwambia nilivyooka. Yeye alidhani navinunua mjini, nami nikaacha iwe hivyo.

Kisha mwezi mmoja nikakuta mkebe wangu wa mwezi uliopita kwenye mlango wa mama yangu, haujafunguliwa. Siafu walikuwa wameupata. Rispa alinitengea maji ya kuoga, akanitengea chakula, akatoka nje. Alipotaka kuniambia jambo alimtuma binti yetu mkubwa, Achieng'. "Mwambie baba yako chai iko mezani." Nami nilikuwa nimekaa hapohapo, naiona.

Mama yangu ndiye aliyenifumbulia. Yule karani Msabato alikuwa na dada aliyeolewa Ndhiwa. Alikutana na Rispa sokoni, akamwambia kwa nia njema kabisa kwamba kaka yake husifu sana mapishi ya mke wa Migori, na kwamba mume wa Rispa ana bahati, nyumba zote mbili zinapika. Rispa akajibu ni kweli, akanunua chumvi, akarudi nyumbani. Tangu hapo hakugusa mkebe. Chakula kilichotoka mkononi mwa mke mwenza ambaye hata hajatambulishwa kwake hangekula, na haki alikuwa nayo.

Nilicheka kwa afueni. Nikamwambia mama yangu ukweli wote, kwamba hakuna mwanamke, ninayeoka ni mimi kwa mikono yangu, katika nyumba yangu. Nilidhani naye atacheka. Alivuta uzi wa leso yake.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "sema ni mke. Mke tutampokea."

Akaniambia Rispa akijua kwamba miaka yote nimekuwa nikishika mwiko yeye akiwa hai, ataona namtakia kifo. Akanitaka nisiseme. Nami, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikamtii. Labda sikutii, labda niliona tu aibu. Mume wa wake wawili ni mume. Mwanamume wa aproni nyumbani kwake ni nini? Nilichagua nionekane msaliti kuliko nionekane mpishi, na nawaandikia haya ili mjue nilikuwa mjinga kiasi gani.

Iliendelea hivyo kwa miaka mitatu. Kazi ilikua. Niliamka alfajiri, nikahesabu mia moja na mikono ndani ya beseni, nikasukuma, nikakata, nikapaka yai, nikachoma. Watu walinipa nimpelekee Mama leso, mara papai, mara barua ya kumwalika harusini. Leso nilizikunja nikaziweka sandukuni, kwa sababu kama ningempelekea Rispa zingekuwa leso za mwenzake. Nyumba ilinukia vizuri mtaa mzima, na ndani yake palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kigoda kimoja. Nilikuwa mpweke. Nasema neno lenyewe, kwa sababu wakati ule sikulisema, nilisema nina kazi nyingi.

Asubuhi moja, katikati ya oda ya wageni wa wilaya, mlango uligongwa. Nilifungua nikiwa na aproni, unga hadi viwikoni. Alikuwa Rispa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na kwapani ameshika kuku jike, miguu imefungwa kwa kitambaa kipya.

Alikuwa amekuja kumpokea mwenzake. Yeye ndiye mikayi, mke mkubwa, na mke mkubwa ana kazi yake: amtazame mdogo, amkubali au amkatae, basi. Alikuwa amelala na jambo hilo miaka mitatu, akalimeza, akachagua kuku wake bora.

"Yuko wapi?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mkebe kunisemesha bila kumpitia mtoto.

Nikasema hayupo.

"Ametoka?"

"Hajawahi kuwapo, Rispa. Ni mimi."

Hakunielewa. Aliingia chumba cha ndani, nikasikia akivuta pazia. Akarudi, akatazama meza, kibao, trei, aproni yangu. Akatazama kikombe kimoja kilichofunikwa juu ya sahani moja. Akakaa polepole juu ya gunia la unga, kuku bado kwapani.

"Heri ungekuwa na mke," alisema. "Mke ningempigia kelele. Sasa nimpigie nani, unga?"

Kisha akaanza kulia, kimya, kama mtu anayemalizia kazi aliyoianza zamani. Nilisimama mbele yake. Nikaona, juu ya kibao nyuma yake, mafuta yameanza kung'aa. Wageni wa wilaya walikuwa wanakunywa chai saa nne. Nikamwambia angoje kidogo tu, nikate hivi, niviingize motoni, tutazungumza.

Nikakata. Nikapaka yai. Nikaingiza trei ya kwanza, nikahesabu, nikaingiza ya pili. Vijiti vilitoka vizuri kuliko siku zote. Nilipogeuka, gunia lilikuwa na alama ya mtu aliyekuwa amekaa, na kuku alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Rispa alikuwa amekwenda.

Trei nilizipeleka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilizipeleka, na kwa wakati. Yule mama wa chai akauliza Mama hajambo. Nikasema amesafiri. Akauliza atarudi lini, nikasema sijui, na hilo lilikuwa jibu langu la kweli la kwanza katika ofisi ile.

Rispa hakuniacha. Nilikwenda nyumbani wiki ileile, nikaomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, akasema amesikia. Alianza tena kunisemesha mwenyewe, kwa sauti njema, kama unavyomsemesha mpangaji anayelipa vizuri. Niliomba ahamie Migori. Akasema nyumba ile ina mpishi tayari. Mikebe hakuirudisha tena, aliwapa watoto; yeye hakuionja. Ningeweza kuacha kazi nikarudi Ndhiwa. Sikuacha. Kila mwaka kulikuwa na donge lisilongoja.

Mama yangu alikufa, watoto wakaolewa na kuoa, na mimi nikaendelea kusukuma. Ninyi mlinikuta hapo, mzee wa vijiti, mkajifunza kwangu kuhesabu mia moja. Mlidhani nilifunga nyumba kwa sababu ya vidole, na mwanzoni mwa barua hii nimesema hivyohivyo. Vidole vilikuja baadaye. Nilifunga kwa sababu Achieng' alinipigia simu kwamba miguu ya mama yake imevimba hadi magotini, na daktari amesema ni moyo.

Nilirudi na oveni, kikwaruzio na sanduku la leso. Nikamwonyesha leso zote na kumwambia ni zake, watu walimtumia, hawakujua tu anakaa wapi. Alizifunua moja moja. Alizisoma maandishi. Moja akajifunika.

Siku chache baadaye, mchana, alifungua macho akasema, "Niletee vile vya nyieka."

Nyieka kwa Kijaluo ni mke mwenzangu. Nilimtazama kuona kama ni homa. Alikuwa anatabasamu upande mmoja, kama zamani alipokuwa akisema vina harufu ya mguu.

Nikamuuliza nivipikie wapi, maana jiko lile ni lake, na sikuwa nimeingia humo kushika kitu tangu tuoane. Akasema, "Jikoni, wapi tena?" Akaagiza mlango uachwe wazi anione. Nilitia mikono kwenye maji ya mtungi wake, nikaanza kuhesabu. Nilipofika arobaini aliniita nimgeuze ubavu. Nikaacha kuhesabu, nikamgeuza, nikakaa naye mpaka akasema sasa nenda. Mafuta yalikuwa yamelegea. Vijiti vilitoka vibaya, vimepasuka, vingine vimeungua upande. Alikula kimoja na nusu.

"Mwambie ana mkono mzuri," alisema. "Mwambie angekuja mapema."

Tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Oveni nimewapa, na kikwaruzio pia. Anayekichukua akumbuke kina meno upande mmoja. Mwiko nimebaki nao, ule wa Rispa. Nasonga ugali wangu kila jioni jikoni kwake, mlango wazi. Majirani wanapita njiani, wananiona nimeshika mwiko, wananisalimu kwa sauti ya chini na kwenda zao. Hakuna anayecheka. Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake.